Chawa Wanaorudi Kichwani mwa Mtoto

Mama mmoja alitufikia amechoka kabisa. Binti yake ameoshwa kichwa mara tatu, chawa bado wapo. Sasa alikuwa na chupa ya mafuta ya taa mkononi. Tulimwomba aiweke chini. Mafuta hayo huunguza ngozi, na karibu na jiko mtoto anaweza kushika moto. Dawa ya kupe wa ng'ombe nayo ni sumu, jameni, isimguse mtoto.

Kwa nini wanarudi? Ni mayai. Hushikamana na unywele karibu na ngozi, sabuni haiyatoi, nayo huanguliwa kwa siku 7 hadi 10. Kwa hiyo fumua misuko, lowesha nywele, paka mafuta ya nywele, kisha chana kwa kitana cha meno yaliyobanana, kuanzia kwenye ngozi hadi nchani, fungu kwa fungu, ukikipangusa kwa kitambaa cheupe. Rudia kila baada ya siku 3, kwa wiki 2 au 3. Kunyoa ni rahisi zaidi, ila binti huyu alilia, tukamwachia nywele zake.

Wanaolala naye pia wakaguliwe siku hiyo hiyo, maana chawa haruki, hutambaa kutoka kichwa hadi kichwa, kiwe kichafu au kisafi.

Siku ya 9 mama alikuta wawili wadogo kitambaani. Akaendelea kuchana.