Hewa ya Mwanza na Nguvu ya Injini: Somo Kutoka Pikapu Iliyofungwa Tabo

Mwanzoni mwa Agosti 1858, msafiri Mwingereza John Hanning Speke alifika kwenye ufuko wa kusini wa ziwa kubwa ambalo Wasukuma na Wakerewe walikuwa wakilivua na kulisafiria kwa vizazi vingi. Ili kukadiria kimo cha mahali hapo alitumia njia nyepesi: alichemsha maji, akatumbukiza kipimajoto, akasoma nyuzi, kisha akapiga hesabu. Maji huchemka kwa joto dogo zaidi kadiri mtu apandavyo kutoka usawa wa bahari, kwa sababu hewa iliyo juu yake huyakandamiza kidogo zaidi. Makadirio ya Speke hayakuwa mbali na kimo kinachokubaliwa leo, yaani takriban meta 1,134.

Kanuni iliyomsaidia Speke ndiyo inayomsumbua dereva wa pikapu aondokaye Kirumba akiwa na shehena ya samaki na barafu. Hewa ile ile iliyo pungufu juu ya sufuria ya maji ndiyo iingiayo katika silinda za injini yake. Somo hili linaeleza kwa nini injini hupungukiwa na nguvu katika nyanda za ziwa, jinsi mafundi wanavyoweza kuirudishia nguvu hiyo na hata kuizidisha kwa kufunga tabo, na hasara zifuatazo kazi hiyo inapofanywa bila hesabu.

Injini ni pampu ya hewa

Watu wengi hudhani kwamba nguvu ya gari hutoka katika mafuta peke yake. Dhana hiyo ni nusu ya ukweli. Mafuta hayawezi kuwaka bila oksijeni, na oksijeni hutoka katika hewa. Ili kilo 1 ya dizeli iungue yote, kwa hesabu ya kikemia zahitajika kilo 14.5 hivi za hewa. Katika injini halisi ya dizeli, ambamo mafuta na hewa havipati muda wa kuchanganyika barabara, hewa zaidi huhitajika. Kilo 20 kwa kila kilo 1 ya mafuta ni kipimo cha kufaa kwa injini inayofanya kazi nzito bila kutoa moshi mwingi.

Na ichukuliwe mfano wa injini iitwayo 1HZ, ambayo imefungwa katika pikapu nyingi za Toyota Land Cruiser zinazotumika katika barabara za vumbi na migodi ya Afrika Mashariki. Injini hiyo ina silinda 6 zilizopangwa katika mstari mmoja. Kila silinda ina kipenyo cha milimeta 94, na pistoni husafiri milimeta 100. Kwa kanuni ya ujazo wa mcheduara, mwanafunzi atapata kwamba silinda zote sita zina ujazo wa lita 4.16 hivi.

Injini hiyo ni ya mipigo minne: kuvuta hewa, kuikandamiza, kuchoma mafuta na kutoa moshi. Kazi hizo nne hukamilika katika mizunguko miwili ya injini. Kwa hiyo, injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, silinda zote zitavuta hewa mara 1,500. Kama silinda zingejaa kikamilifu, injini ingemeza lita 6,250 hivi za hewa kila dakika. Pikapu iliyosimama njiani huku injini ikinguruma ni pampu kubwa ya hewa.

Hesabu ya Dar es Salaam na hesabu ya Mwanza

Ujazo wa silinda haubadiliki gari linapotoka Dar es Salaam kwenda Mwanza. Kinachobadilika ni masi ya hewa iliyomo katika ujazo huo, yaani densiti yake. Densiti hutegemea mambo mawili: kanieneo ya hewa na halijoto.

Kwenye usawa wa bahari kanieneo ya hewa ni kilopaskali 101.3 hivi. Kwenye kimo cha Ziwa Viktoria hushuka hadi kilopaskali 88.4 hivi, na ndiyo sababu maji safi huchemka huko kwa nyuzi 96 hivi za sentigredi badala ya 100. Kwa halijoto ya nyuzi 30 Dar es Salaam, meta moja ya ujazo ya hewa kavu ina masi ya kilo 1.16 hivi. Kwa nyuzi 27 Mwanza, ina kilo 1.03 tu.

Injini iliyotajwa, ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, itavuta kilo 7.3 za hewa kila dakika Dar es Salaam, lakini kilo 6.4 tu Mwanza. Upungufu huo ni asilimia 12. Ni kama kwamba katika kila silinda nane, moja imekataa kufanya kazi. Tena, pampu ya dizeli ikiendelea kumwaga kiasi kile kile cha mafuta kilichokusudiwa kwa hewa ya pwani, sehemu ya mafuta hayo hukosa oksijeni na hutoka katika ekzosi ikiwa moshi mweusi. Moshi huo ni fedha ya mwenye gari inayopotea hewani.

Hewa ya kulazimishwa

Dawa ya upungufu huo ilifikiriwa zamani. Mwaka 1905 mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alipata hataza ya mtambo unaotumia moshi utokao katika injini kusukuma hewa iingiayo. Moshi huo una joto na mwendo ambao vinginevyo ungepotea. Ukipitishwa katika gurudumu dogo lenye mapanga, hulizungusha. Gurudumu hilo limeungwa kwa ufito na gurudumu la pili ambalo huvuta hewa ya nje na kuisindilia ndani ya injini. Mtambo huo ndio mafundi huuita tabo. Katika gari dogo magurudumu yake huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika.

Mwaka 1918 mhandisi wa Marekani, Sanford Moss, aliupima mtambo wa namna hiyo juu ya mlima Pikes Peak, wenye kimo cha meta 4,300 hivi, akitumia injini ya ndege iitwayo Liberty. Injini hiyo ilikuwa na nguvu-farasi 350 hivi kwenye usawa wa bahari. Juu ya mlima ilibakiwa na 230 hivi. Ilipofungwa tabo, nguvu ilirudi na kupita kidogo ile ya awali. Mlima ulikuwa umeichukua hewa, na tabo iliirudisha.

Afrika Mashariki ilipata kuona jambo hilo katika mashindano ya Safari Rally nchini Kenya. Gari la Toyota Celica Twincam Turbo, lenye injini ya tabo, lilishinda mwaka 1984, 1985 na 1986 katika mashindano yaliyopita nyanda za juu, ambako injini isiyo na tabo hupungukiwa na pumzi zaidi kuliko Mwanza.

Faida na bei yake

Sasa na ifikiriwe kwamba fundi wa Mwanza ameifunga injini ya 1HZ tabo inayoongeza kilopaskali 50 juu ya kanieneo ya hewa ya kawaida. Jumla itakuwa kilopaskali 138.4. Mtu mwenye haraka atagawanya 138.4 kwa 88.4 na kusema kwamba hewa imeongezeka kwa asilimia 57. Mtu huyo atakuwa amesahau joto.

Hewa inapokandamizwa hupata moto, kama kila mwenye kujaza baiskeli upepo ajuavyo kwa kugusa pampu yake. Kwa tabo ya ubora wa wastani, hewa iliyoingia kwa nyuzi 27 itatoka kwa nyuzi 86 hivi. Kwa kuwa hewa ya moto hutanuka, densiti itakuwa kilo 1.34 kwa meta ya ujazo. Ongezeko halisi, basi, ni asilimia 30 hivi. Fundi akiongeza kipoza hewa, yaani rejeta ndogo ambamo hewa hiyo hupita kabla ya kuingia katika injini, na kuishusha hadi nyuzi 50, densiti hufika kilo 1.49 na ongezeko huwa asilimia 45 hivi. Kifaa kisicho na hata kipande kimoja kinachozunguka kimeongeza nguvu kwa kuondoa joto tu.

Hewa ikiongezeka, mafuta nayo huweza kuongezwa, na hapo ndipo hatari ilipo. Kiwanda kilichounda 1HZ kiliunda pia injini ya 1HD-T, yenye silinda za kipenyo kile kile na mwendo wa pistoni ule ule, lakini yenye tabo tangu mwanzo. Kama tabo ingekuwa kitu cha kubandikwa tu, injini hizo mbili zingefanana katika mengine yote. Hazifanani. Katika 1HZ hewa hukandamizwa hadi ujazo wake uwe chini ya sehemu moja ya 22, na mafuta humwagwa kwanza katika chumba kidogo kilichomo kichwani mwa silinda. Katika 1HD-T mkandamizo umepunguzwa hadi 18.6 kwa 1, na mafuta humwagwa moja kwa moja juu ya pistoni yenye umbo jingine. Wahandisi walijua kwamba hewa iliyokwisha kusindiliwa na tabo, ikikandamizwa tena kupita kiasi, huzaa joto na kani zisizovumiliwa na pistoni wala gasketi ya silinda hedi.

Pistoni hutengenezwa kwa aloi ya alumini. Alumini safi huyeyuka kwa nyuzi 660. Miali ya moto ndani ya silinda ina joto kubwa kuliko hilo mara nyingi. Pistoni haiyeyuki kwa sababu tu moto huo ni wa kitambo kidogo, na kwa sababu oili na kuta za silinda huliondoa joto haraka. Fundi akifungulia pampu ya dizeli bila kipimo ili gari liwe na mbio, joto huingia upesi kuliko litokavyo. Gari litapanda mlima kwa fahari wiki chache, kisha injini itanoki njiani, na samaki hawangoji. Mtaka yote kwa pupa hukosa yote.

Wajibu wa fundi na wa dereva

Fundi makini hufunga kipimajoto katika ekzosi, karibu na mlango wa kuingilia tabo, na huhakikisha kwamba katika kazi nzito moshi haukaribii nyuzi 700. Huongeza mafuta kidogo kidogo, na hurudi nyuma aonapo moshi mweusi. Hukagua rejeta, maana joto lililoongezeka lazima lipate pa kwendea. Hutazama pia chujio la hewa, kwa kuwa punje ya mchanga ipitayo hapo hugonga mapanga yanayozunguka kwa kasi ya ajabu.

Dereva naye hana budi kubadili desturi. Tabo hulainishwa na oili ya injini. Akizima injini ghafula baada ya mwendo mkali, oili husimama ndani ya tabo iliyo moto sana na kugeuka masizi. Aiache injini ingurume taratibu dakika moja au mbili kabla ya kuizima. Zamani, katika njia ya kwenda Sengerema na Geita, foleni ya kivuko cha Kigongo na Busisi iliwapa madereva mapumziko hata kama hawakuyataka. Tangu Daraja la J. P. Magufuli lilipofunguliwa Juni 2025, gari huweza kuvuka ghuba bila kusimama, na injini hufanya kazi mfululizo.

Tena, nguvu mpya haiishii katika injini. Klachi, giaboksi na ekseli zote hubeba mzigo ulioongezeka. Zaidi ya hayo yote ni breki. Nishati ya mwendo huongezeka kwa mraba wa kasi. Pikapu yenye masi ya kilo 3,000 ikienda kilomita 80 kwa saa ina nishati ya kilojuli 740 hivi. Ikienda kilomita 110 ina kilojuli 1,400 hivi. Kasi haikuongezeka hata mara moja na nusu, lakini kazi ya breki imekaribia mara mbili. Mtembea kwa miguu avukaye barabara hajui kwamba gari lile limefungwa tabo. Fundi ajuaye kuongeza nguvu, na asijue kuongeza uwezo wa kusimama, amefanya nusu ya kazi, nayo ni ile nusu ya hatari.

Hitimisho

Pikapu iliyofungwa tabo ni maabara iliyo karibu na shule. Ndani yake zimo kanuni za gesi, uenezaji wa joto, kemia ya kuungua na nishati ya mwendo. Fundi wa gereji aweza kuwa anazifuata kanuni hizo kwa mazoea bila kujua majina yake, na mwanafunzi aweza kuyajua majina bila kuwahi kushika spana. Mwalimu atakayewakutanisha watu hao wawili kwa saa moja atakuwa amewafundisha wote wawili.

Mazoezi

1. Kwa kutumia kipenyo cha milimeta 94 na mwendo wa pistoni wa milimeta 100, hakikisha kwamba ujazo wa silinda 6 ni lita 4.16 hivi.

2. Tafuta masi ya hewa ivutwayo kwa dakika na injini hiyo kwa mizunguko 2,200, Mwanza na Dar es Salaam, ikiwa silinda hujaa kikamilifu.

3. Chemsha maji safi mbele ya mwalimu na usome kipimajoto pindi yanapochemka vizuri. Linganisha jibu na nyuzi 96, na ueleze sababu za tofauti, ikiwapo.

4. Kifuniko cha rejeta huzuia mvuke na kuongeza kanieneo ndani yake. Eleza kwa nini kifuniko kibovu huleta madhara zaidi Mwanza kuliko Tanga, na kwa nini hakifai kufunguliwa injini ikiwa ya moto.

Majibu: Swali la 2: Mwanza kilo 4.7 hivi, Dar es Salaam kilo 5.3 hivi.