Kole ao sudire?

Ndugu mfanyakazi, siku ya mapumziko unatengeneza motokari yako nyuma ya nyumba. Tanki ya esansi inavuja. Jirani anasema: «Tumwage esansi, tuoshe na maji, kisha tupige sudire.» Kataa! Tanki tupu ni ya hatari kuliko tanki iliyojaa. Kinachopasuka ni mvuke wa esansi uliochanganyika na hewa, na sehemu 2 hivi za mvuke katika sehemu 100 zinatosha. Mvuke huo unatoka tena katika kutu na maungio, hata ukiisha kuosha. Cheche moja tu, bati linakurukia usoni, na watoto wako wamesimama karibu.

Kwa tundu dogo, tumia kole ya kuchanganya, ile ya mirija miwili. Sugua kutu kwa mkono, si kwa mashini ya cheche. Esansi isibaki pale unapopaka, na ngoja muda ulioandikwa kwenye karatasi yake. Hiyo ni dawa ya siku chache, mpaka upate tanki nyingine.

Freni na usukani? Si kole, si sudire ya nyumbani: badilisha kipande.

Bomba la moshi ndilo la sudire, kwani joto linalegeza kole. Litoe kwanza chini ya motokari. Vaa kioo cheusi hata kwa nukta moja, na watoto wasitazame mwanga ule.