Minou Fuglesang na Jarida la Femina: Somo kwa Tunaokwenda BTP

BTP yangu ilikuwa kwenye shule moja ya kata huko juu Kibosho, katikati ya migomba. Siku moja nikaokota kabatini nakala ya zamani ya jarida la Fema, jalada limechanika. Kidato cha Pili wangu, ambao kitabu cha kiada wanakifungua mpaka uwakazie macho, waliligombania. Niliposhuka Moshi nikaanza kumsoma aliyelianzisha.

Ni mwanaanthropolojia kutoka Sweden. Kabla ya magazeti alifanya utafiti Lamu, akikaa na wasichana wa pale na kuangalia vitu ambavyo wengi wetu tungeviita upuuzi: video za filamu za Kihindi, mishono ya nguo, urembo, shamrashamra za harusi. Tasnifu yake ilitoka mwaka 1994. Kumbe kwenye hizo filamu na magauni wasichana walikuwa wanajifunza mapenzi, ndoa na heshima. Mwaka 1997 aliandika pia kuhusu elimu ya jinsia Tanzania, ya zamani na ya sasa. Yaani alishajua vijana wanajifunzia wapi kabla hajawaandikia.

Femina ilianza Dar es Salaam mwaka 1999, mwaka uleule Rais Mkapa alipotangaza UKIMWI kuwa janga la taifa. Angeweza kugawa vipeperushi vya makatazo. Yeye akatoa jarida la rangi: nje vijana waliopendeza, ndani vijana wakisimulia maisha yao, na majibu ya maswali ambayo darasani hakuna anayenyoosha mkono kuyauliza. Baadaye likaja Si Mchezo! kwa vijana wa vijijini, na Fema ikaingia sekondari bure, pamoja na klabu zake.

Lilitegemea wafadhili, na hapo mimi nina wasiwasi. Fedha ya mgeni ikikatika, mwanafunzi wa Kibosho anabaki na nini? Na ile nakala yangu ilikuwa ya miaka mingi nyuma.

Lakini kengele ilipolia, msichana mmoja alibaki nyuma, kalishika jarida kifuani. "Madam, eti ukizaa unaweza kurudi shule?" Nikamwambia ndiyo, serikali iliruhusu tangu Novemba 2021.

"Siyo mimi," akasema haraka. "Ni dada."

Nikamwambia aje naye. Wiki iliyofuata walikuja wawili, wakasimama getini, nami nikawapeleka kwa mwalimu mkuu.