Vumbi la Silika na Mapafu ya Wachimbaji Dhahabu wa Makongolosi

Makongolosi, mji mdogo wilayani Chunya, mkoani Mbeya, umo katika eneo la dhahabu la Lupa, ambako uchimbaji ulianza miaka ya 1920. Sehemu kubwa ya dhahabu ya huko imefungwa ndani ya miamba ya kwatzi, jiwe gumu jeupe ambalo takriban lote ni silika. Kuitoa dhahabu hiyo ni kulisaga jiwe. Mchimbaji hulitoboa na kulilipua ndani ya duara, wengine hulivunja kwa nyundo juu ya ardhi, kisha karasha hulifanya unga. Kila hatua huzalisha vumbi, na linaloonekana kwa macho silo la kuogopwa zaidi. Chembe kubwa hunaswa puani na kooni. Zile zilizo chini ya maikroni 10, na hasa chini ya 4, hufika hadi kwenye vifuko vya hewa.

Humo seli za ulinzi huzimeza chembe hizo lakini haziwezi kuziyeyusha. Seli hufa, huzimwaga tena, na nyingine huja kuzimeza. Mzunguko huo huacha makovu, na kovu la pafu halinyumbuki wala halipitishi oksijeni. Ugonjwa huo huitwa silikosisi. Kwa kawaida hujitokeza baada ya miaka 10 au zaidi ya kuvuta vumbi. Palipo na vumbi jingi sana, huja mapema zaidi. Hauna tiba ya kuuondoa, na unaweza kuendelea hata baada ya mtu kuacha kazi. Si ugonjwa mpya: mwaka 1556 Agricola aliandika kuwa katika migodi ya milima ya Karpati walikuwapo wanawake walioolewa na wanaume saba, wote wakafa kwa maradhi ya kifua.

Ugumu wa hapa kwetu ni kifua kikuu. Silika hudhoofisha seli zilezile zinazopaswa kukabiliana na vimelea vyake, hivyo mwenye silikosisi yumo katika hatari ya kuugua kifua kikuu angalau mara tatu zaidi ya mwingine. Akiwa na maambukizi ya VVU, hatari hupanda tena. Wakati huohuo magonjwa haya mawili hufanana: kikohozi, kukonda, kuhema, madoa sehemu ya juu ya mapafu katika picha ya eksirei. Mchimbaji ambaye makohozi yake hayaonyeshi vimelea anaweza kuanzishiwa dawa za kifua kikuu mara ya kwanza, ya pili, hata ya tatu, bila yeyote kumuuliza amefanya kazi gani. Kila mara hurudi duarani, kwa kuwa ameambiwa amepona.

Kinga yenye nguvu kuliko zote ni maji. Kutoboa na kusaga jiwe likiwa limelowa hupunguza vumbi kwa kiasi kikubwa, ingawa Chunya ni wilaya kavu na maji hununuliwa. Gharama hiyo ndiyo huwafanya wenye makarasha wasite. Kuziba karasha kwa turubai na kuwaweka wafanyakazi upande unakotoka upepo husaidia kiasi. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii chembe ndogo. Barakoa ya daraja la N95 huzizuia, iwapo imebana uso vizuri. Watoto na kina mama wanaochambua mawe kando ya karasha huvuta vumbi lilelile, nao hawahesabiwi na yeyote kuwa wafanyakazi.

Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi hutambua magonjwa yatokanayo na kazi, lakini hulenga walioajiriwa. Anayelipwa kwa viroba vya mawe, bila mkataba, atapata shida kuthibitisha nani alikuwa mwajiri wake. Kwa sababu hiyo maandishi ya zahanati yana uzito: aina ya kazi, mahali, na idadi ya miaka ya kuvuta vumbi yaandikwe kwenye faili siku ya kwanza mgonjwa anapokohoa, kabla ya kuagizwa makohozi.