Kabati la Nguo na Amani ya Nyumba



Mwezi huu somo letu ni kabati la nguo. Najua wengine mtacheka na kuuliza, "Katekista, kabati lina uhusiano gani na ndoa?" Hata mimi ningeuliza hivyo hivyo, kama nisingeshikwa na aibu nyumbani kwangu mwenyewe.

Tulikuwa tumeoana miaka 11. Chumbani mwetu, hapa Voi, mlikuwa na kabati moja nililonunua nikiwa kapera. Upande mmoja palikuwa na nguo zangu. Upande wa pili palikuwa na vitabu vya mafundisho, karatasi za shamba, redio iliyokufa na nyaya zake. Ufunguo ulikaa mfukoni mwangu. Nguo za watoto zilikuwa katika maboksi. Nguo za mke wangu zilikuwa ndani ya begi chini ya kitanda, begi lile lile alilokuja nalo siku ya harusi.

Siku moja mama mkwe alishuka kutoka Mgange kututembelea. Mke wangu akalivuta begi hadi sebuleni ili amtolee mama yake leso. Yule mama akalitazama, akamwuliza bintiye, "Mwanangu, unasafiri?"

Mke wangu alicheka. Mimi sikuweza kucheka. Usiku nilimwuliza kwa nini hakuniambia anahitaji nafasi. Akanijibu kwa upole, "Baba watoto, niliona haya kuomba nafasi nyumbani kwangu."

Ndugu zangu, hilo ndilo somo la leo. Mtu asiye na mahali pa kuweka nguo yake hukaa nyumbani kama mgeni, hata akiwa na pete kidoleni.

1. ANZENI KWA KUONGEA

Msikimbilie kununua mbao. Chagueni siku moja mkiwa wote nyumbani. Toeni nguo zote, muzitandaze kitandani, kisha mfanye mafungu matatu: zinazovaliwa, zinazohitaji sindano, na za kutoa. Nguo za kutoa ziwe safi na vifungo vyake viwepo. Mhitaji wa jumuiya yenu ni ndugu yenu, msimpelekee matambara.

Sheria ni moja tu: asitupe mtu kitu cha mwenzake. Mimi nilikuwa na koti kuukuu la marehemu baba yangu. Mke wangu aliliona ni makazi ya nondo, lakini aliuliza kwanza. Nilipomweleza, alilifua na kulitundika mwenyewe. Nami nilielewa kwa nini gauni lake la harusi haliwezi kukatwa likawa nguo ya binti.

2. PIMENI KABLA YA KUKATA

Chukueni futi kamba. Kina cha kabati, yaani kutoka mlangoni hadi nyuma, kiwe kama sentimita 60, la sivyo hanga hazitaingia na mlango hautafunga. Shati na sketi zikitundikwa zinahitaji nafasi ya kama mita 1 kwenda chini. Magauni marefu na makoti yanahitaji sentimita 150 au zaidi. Kwa hiyo mkiwa na nafasi ya mita 2, mwaweza kuweka mabomba mawili ya kutundikia, moja juu ya lingine, upande wa mashati. Rafu za nguo za kukunja ziachane kwa kama sentimita 30. Zikiachana zaidi, nguo hupangwa kama mnara na kuanguka kila unapovuta ya chini.

Bomba likizidi sentimita 120 liwekeeni nguzo katikati. Hili nililijua kwa gharama. Nilitaka kumwonyesha mama watoto kwamba naweza, nikafunga bomba la sentimita 180 kwa misumari mifupi. Saa nane usiku tulisikia kishindo. Watoto walilia wakidhani ni mwizi, kumbe ni suti yangu na nguo zote za nyumba ziko sakafuni! Kesho yake nilimeza kiburi nikamwita fundi seremala. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Zaidi ya yote, kabati refu lifungwe ukutani kwa chuma na skrubu. Mtoto akivuta droo na kupanda juu yake, kabati linaweza kumwangukia na kumwua.

3. VOI NA MILIMANI SI SAWA

Sisi wa bondeni adui zetu ni vumbi na mchwa. Inueni kabati juu ya matofali au miguu ya chuma, na muache nafasi ya sentimita 5 nyuma yake. Kila mwezi mulikeni kwa tochi. Mkiona vijia vya udongo ukutani, mchwa wameshafika. Milango iwe inafunga vizuri, au mtundike pazia, ili vumbi lisiingie.

Ndugu zetu wa Wundanyi, Werugha na Mgange wana shida nyingine: ukungu na unyevu. Huko nguo ikikunjwa haijakauka huota madoa na kunuka. Acheni mianya midogo ya hewa juu na chini ya kabati, na mlifungue siku ya jua. Chipubodi hunyonya maji na kuvimba, afadhali mbao zilizokaushwa vizuri.

Kuhusu nondo, wengi huku kwetu huweka majani makavu ya mwarobaini ndani ya kijifuko cha kitambaa. Jihadharini na zile tembe nyeupe za naftalini. Mtoto anaweza kudhani ni peremende. Tena msiziweke kabisa pamoja na nguo za mtoto mchanga. Wako watoto wanaozaliwa na upungufu katika damu uitwao G6PD, hasa katika sehemu zenye malaria, na mvuke wa tembe hizo unaweza kuwavunjia damu mpaka wageuke manjano. Nguo zilizowahi kukaa na tembe hizo zisiguse mtoto huyo.

4. KILA MTU NA MAHALI PAKE

Tuligawa hivi: mke wangu upande mmoja, mimi upande mwingine, na watoto rafu za chini wanazozifikia wenyewe. Kijana wetu alipiga msasa, binti alishika futi kamba na kuandika vipimo, mdogo alikabidhiwa skrubu. Alizihesabu mara nyingi kuliko zilivyohitajika! Tulikula viazi vitamu na chai katikati ya vumbi la mbao, na sikumbuki Jumamosi nyingine tuliyocheka vile. Mtakatifu Yosefu alikuwa seremala. Papa Pius XII alipoweka sikukuu ya Yosefu Mfanyakazi tarehe 1 Mei mwaka 1955, alitukumbusha kuwa kazi ya mikono ina heshima. Nasi tuwaonjeshe watoto wetu heshima hiyo.

Wako akina baba wanaofanya kazi Mombasa na kurudi mwisho wa mwezi. Mama, rafu ya mzee isigeuzwe ghala la mahindi. Akute nafasi yake inamngoja. Nawe baba, usiondoke na ufunguo.

Wekeni pia droo moja ya karatasi: vyeti vya kuzaliwa na vya ubatizo, cheti cha ndoa, hati ya shamba, kitabu cha benki. Wote wawili mjue kilichomo. Wajane wangapi wamehangaika ofisini kwa sababu karatasi alizijua marehemu peke yake?

5. KUFURAHIA MATUNDA

Kabati likishajengwa lisiachwe lirudi kuwa pango. Sisi kila Jumamosi jioni hutumia dakika 15, redio ikiimba. Kila mtu hupanga rafu yake na kutoa nguo ya Jumapili. Zamani nilifika kanisani nimenuna kwa ajili ya soksi moja iliyopotea, kisha nisimame kuwafundisha watu juu ya amani. Siku hizi tunatoka nyumbani pamoja, tukiongea.

Ufunguo sasa unaning'inia kwenye msumari, kila mtu anauona. Na lile begi? Ndimo tunamoweka nguo za kutoa. Mama mkwe aliporudi aliliona karibu na mlango, akauliza tena, "Nani anasafiri?" Mke wangu akamjibu, "Nguo, mama. Mimi nimefika."

MASWALI YA KUJADILIANA BWANA NA BIBI

1. Katika chumba chetu, nani ana nafasi kubwa? Tulikubaliana, au ilitokea tu?
2. Kuna kitu cha mwenzangu ninachokidharau bila kujua thamani yake kwake?
3. Mmoja wetu akiitwa na Mungu usiku huu, mwingine atajua karatasi za nyumba ziko wapi?
4. Jumamosi ijayo tutaanza na rafu ipi, na kila mtoto tutampa kazi gani?

Msijibu kwa hasira. Kaeni, mnywe chai, muongee. Mungu awabariki, na kwaherini hadi mwezi ujao.