Wasio na Mapezi Wala Magamba

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Mwanzo 1:20-31, Mambo ya Walawi 11:9-12, Zaburi 104:24-30, Kutoka 26:1-14, Kutoka 28:31, Hesabu 15:38, Kumbukumbu la Torati 22:6, 7, Ezekieli 34:18.

Fungu la kukariri: Zaburi 104:24.

Ukiuliza darasa lolote la Shule ya Sabato katika pwani yetu habari za wanyama wa baharini, jibu huja upesi: wenye mapezi na magamba twala, wengine hatuli. Hata watoto wanalijua. Jibu hilo ni sahihi, nasi hatutaligusa juma hili. Shida ni kwamba wengi wetu tukishalitoa tunaifunga Biblia, kana kwamba Mungu hana neno jingine la kusema juu ya pweza, papa, konokono na nguva. Neno analo, na ni refu kuliko tunavyodhani.

JUMAPILI: Siku ya Tano

Soma Mwanzo 1:20-23 pamoja na fungu la 29. Mungu aliwaonaje viumbe wa majini, na ni chakula gani alichowapa wanadamu siku iliyofuata?

Angalia utaratibu wa sura yenyewe. Bahari inajaa viumbe, Mungu anaviona kuwa ni vyema, anavibariki. Mwanadamu hajaumbwa bado. Na alipoumbwa alipewa mimea na matunda. Kwa hiyo wema wa kiumbe wa baharini ulitajwa kabla hajawapo mtu wa kuuliza kama analiwa. Sheria ya Walawi 11 ilikuja kuwaambia Waisraeli nini kiingie vinywani mwao na nini wasikiguse. Haikufuta baraka ya siku ya tano.

Zaburi 104:26 inakwenda mbali zaidi. Mtunga zaburi anamtaja yule mnyama mkubwa wa baharini na kusema aliumbwa acheze humo. Si alimwe, si abebe mzigo, si aliwe. Acheze.

Je, unaweza kumfurahia kiumbe ambaye hakufai kwa lolote? Kwa nini ndiyo, au kwa nini hapana?

JUMATATU: Mama wa Kilindini

Maji yakitoka sana wakati wa bamvua, kina mama wa pwani hutembea juu ya miamba na vijiti vyao wakimtafuta pweza shimoni. Wao wanajua jambo ambalo wengi hatujui: pweza ni mjanja. Hana mfupa hata mmoja. Kilicho kigumu mwilini mwake ni mdomo tu, kwa hiyo pale mdomo unapopita na mwili wote unapita. Hubadili rangi kabla hujapepesa jicho. Ana mioyo mitatu, miwili ya kusukuma damu kwenye mashavu ya kupumulia na mmoja wa kuisukuma mwilini, na damu yake ni ya buluu kwa sababu ina shaba mahali ambapo yetu ina chuma. Seli zake za fahamu hukadiriwa kuwa milioni 500, na karibu theluthi mbili zimo katika mikono yake minane.

Lakini la kustaajabisha zaidi ni uzazi wake. Jike hutaga mara moja maishani, huyalinda mayai, huyapepea kwa maji safi, huacha kula, na yakianguliwa naye hufa. Mwaka 2007 wachunguzi wa bahari wa Monterey, California, walimwona pweza mmoja wa kilindini akiwa juu ya mayai yake kwenye mwamba, kina cha mita 1,400 hivi. Wakamrudia mara kwa mara kwa chombo cha kuzamia. Kila mara alikuwa palepale, amekonda zaidi, ngozi imepauka. Kaa walipita mbele yake asiwaguse. Alikaa miezi 53, yaani miaka minne na nusu hivi, na hakuna kiumbe mwingine anayejulikana kuatamia muda mrefu hivyo.

Huyo ndiye tuliyezoea kumwita “uchafu” tunapopita penye supu ya pweza jioni.

Soma Kumbukumbu la Torati 22:6, 7. Kwa nini Mungu ajishughulishe na mama ndege? Kanuni hiyo inaishia kwa ndege tu?

JUMANNE: Mapazia ya Hema

Soma Kutoka 26:1-14. Andika kila rangi na kila ngozi inayotajwa.

Hapa ndipo wanafunzi wengi wa patakatifu hushtuka. Tumefundishwa maana ya rangi zile, lakini ni mara chache tumeuliza zilitoka wapi. Zamani hizo hakukuwa na kiwanda cha rangi. Wachunguzi wengi wanakubaliana kwamba samawi na zambarau za thamani katika nchi za pwani ya Mediterania zilitoka kwa konokono wa baharini. Hana pezi, hana gamba la samaki. Katika Sidoni malundo ya makombe yao yameonekana, mabaki ya kazi ya watia rangi wa kale. Konokono huyo ana tezi ndogo yenye majimaji yasiyo na rangi ya kupendeza hata kidogo. Yakipigwa na hewa na mwanga hugeuka, mwisho huwa zambarau au samawi isiyochujuka. Mkemia Paul Friedländer alipoijaribu kazi hiyo, katika matokeo aliyoyatoa mwaka 1909, alihitaji konokono 12,000 kupata gramu 1.4 tu za rangi. Chukua kijiko cha chai ukadirie mwenyewe.

Sasa soma Kutoka 28:31 na Hesabu 15:38. Joho la kuhani mkuu lilikuwa samawi tupu. Na kila Mwisraeli, hata mchungaji maskini, aliagizwa kutia uzi wa samawi katika kishada cha vazi lake ili aukumbuke mapenzi ya Mungu kila autazamapo. Rangi ile nyekundu nayo ilitoka kwa mdudu.

Kuna na kifuniko cha juu. Biblia yetu ya tafsiri ya Union inasema ngozi za pomboo. Neno la Kiebrania ni gumu, na wataalamu hawajakubaliana: wengine husema pomboo, wengine nguva, ambaye anaishi hata leo katika Bahari ya Shamu, wengine husema ni ngozi iliyotengenezwa vizuri tu. Hatuna haja ya kuamua ugomvi huo. Konokono peke yake anatosha. Yule ambaye Mwisraeli hakuruhusiwa kumweka katika sahani, rangi yake iliruhusiwa kuingia mahali ambapo Mwisraeli mwenyewe hakuruhusiwa kuingia.

JUMATANO: Potwe na Nguva

Kati ya Oktoba na Machi papa potwe huonekana karibu na Kilindoni, kisiwani Mafia. Ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani, aweza kupita mita 12, naye hula vijidudu na visamaki vidogo vinavyoelea. Madoa ya mgongoni mwake hayafanani na ya potwe mwingine yeyote, kama alama za vidole vyetu.

Nguva yeye hula majani ya baharini kama ng'ombe malishoni. Hubeba mimba mwaka mzima na zaidi, huzaa mtoto mmoja, humnyonyesha mwaka mmoja na nusu hivi, na huenda miaka kadhaa ikapita kabla hajazaa tena. Lazima apande juu kuvuta pumzi. Akinaswa wavuni huzama kama mtu. Katika pwani ya Tanzania wamebaki wachache sana, hasa kati ya Rufiji na Kilwa.

ALHAMISI: Mwenye Magamba

Tumalizie na yule anayetimiza sharti la Walawi 11:9. Silikanti ana mapezi na ana magamba makubwa magumu. Wataalamu walimjua kwa mabaki yaliyo katika mawe tu, wakaamini ametoweka, hadi Desemba 1938 Marjorie Courtenay-Latimer, mtunza makumbusho wa East London, Afrika Kusini, alipomkuta katika lundo la samaki wa meli ya uvuvi. Wavuvi wa Komoro walikuwa wakimjua siku zote, ila hawakumthamini, maana nyama yake ina mafuta mabaya. Sheria inamruhusu, sufuria inamkataa. Utafiti wa mwaka 2021 ulikadiria kwamba huishi karibu miaka 100 na kubeba mimba miaka mitano. (Ndugu wengine hupenda kumtumia samaki huyu kama fimbo ya kuwachapa wanasayansi. Yafaa tumtazame kwanza.)

Tangu mwaka 2003 silikanti wengi wamenaswa pwani ya Tanzania, hasa Tanga, katika majarife yanayotegwa kilindini kwa ajili ya papa. Mwaka 2009 ikaanzishwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti huko Tanga.

Soma Ezekieli 34:18. Kondoo wanaolaumiwa wamekosa nini, hali malisho waliyokula yalikuwa halali yao?

Baruti ni kosa kwa sheria ya nchi, lakini mlipuko wake umesikika miaka mingi katika maji yetu. Huua changu mwenye magamba, pamoja na mayai, matumbawe, pweza na makinda yake. Changu huyo akifika sokoni, nyama imelegea na mifupa imevunjika ndani, naye bado ni safi kwa Walawi 11. Muumini humnunua, humpika, na kushukuru mezani kwa dhamiri tulivu.

IJUMAA: Maswali ya Kujadili

1. Tumeifundisha Walawi 11 kwa bidii. Je, kuna tunalowafundisha watoto wetu bila kukusudia kuhusu viumbe tusiowala?

2. Darasani kuna mvuvi au mchuuzi wa samaki? Mpeni nafasi ya kusema kwanza, kabla ya mwalimu.

3. Mama mjane katika kanisa lako hukaanga samaki ili alipe ada ya watoto. Samaki wa baruti ni wa bei nafuu, na jirani zake wote huwanunua. Anakuuliza kama anatenda dhambi. Utamjibu nini, na kanisa litamsaidiaje kulipa ile tofauti ya bei?