Hedfoni ya bei ndogo isiyochosha masikio

Ukiingia duka la simu, muuzaji ana sifa moja ya kukutajia: besi. Mimi naanzia kichwani. Hedfoni inayouma baada ya nusu saa utaivua tu, na ikishavuliwa uzuri wa sauti yake haukufaidii kitu. Maswali ya leo ni ya watu wanaosikiliza muziki kila siku, njiani na nyumbani, na fedha zao ni za kuhesabu.

Shikamoo fundi. Nimenunua hedfoni kubwa ya kufunika masikio. Sauti safi, lakini nyimbo chache tu masikio yanachemka na kichwa kinabanwa. Tatizo nini?

Marahaba, mwanangu. Matatizo ni mawili, na yote huonekana ukishafika nyumbani. Kwanza joto. Vikombe vya ngozi bandia huziba hewa, na kwa Februari ya Dar es Salaam au Mombasa jasho halina pa kupitia. Unyevu wa pwani nao huila ngozi hiyo: baada ya muda inabanduka vipande vyeusi vinavyokuganda shavuni. Ukinunua tena, tafuta vikombe vya kitambaa, au hedfoni nyepesi yenye sponji wazi.

La pili ni mbano, na hili lina dawa. Panga vitabu vipate upana unaozidi kichwa chako kidogo, vivalishe hiyo hedfoni, iache ilale hapo usiku kucha. Ikibidi rudia kesho yake. Usiivute kwa nguvu mara moja, plastiki itapasuka.

Siku nyingine, vaa hedfoni dukani dakika kumi au kumi na tano kabla ya kutoa pesa, tena ukiwa na miwani yako kama unatumia miwani. Mkono wa miwani ukikandamizwa juu ya sikio, maumivu yake hayazoeleki. Muuzaji akinuna, nenda duka la jirani.

Ni hedfoni gani ungemnunulia mdogo wako?

Koss Porta Pro, bila kusita. Kampuni ya Koss ya Milwaukee, Marekani, iliitoa mwaka 1984, miaka mitano baada ya Sony kuleta Walkman, na umbo lake ni karibu lilelile hadi leo. Ina utepe mwembamba wa chuma na sponji mbili zinazolala juu ya masikio. Ujanja wake uko juu kidogo ya sikio: kila upande una pedi ndogo inayoegemea kichwa, na kitelezo cha kuchagua kiasi cha mbano. Ukikisogeza upande wa kulegea, uzito unatoka sikioni unahamia kwenye fuvu. Ndiyo maana mtu huivaa mchana kutwa akaisahau. Hujikunja ikaingia mfukoni, na sponji zikichakaa unanunua nyingine na kuzivalisha mwenyewe.

Marekani bei yake ni takriban dola 50. Ndugu yake KSC75 haina utepe, hupachikwa sikioni kwa kulabu, na huuzwa chini ya nusu ya bei hiyo. Hiyo humfaa sana dada aliyesuka au aliyejifunga kilemba. Na nimwambie kabisa mwenye nywele ndefu: utepe wa Porta Pro hurefuka kwa chuma kuteleza juu ya chuma, na nywele hunasa hapo.

Naweza kuivaa kwenye daladala?

Haikufai. Iko wazi: kelele za nje zinaingia na muziki wako unatoka, jirani anasikiliza nawe bila kupenda. Kwenye daladala au matatu tumia ierfoni za kuingia tundu la sikio, na hapo kila kitu kinategemea vile vimpira. Ndani ya boksi huwa na saizi tatu. Wengi hubaki na zilizokuja zimevalishwa, kisha wanalalamika kwamba besi hakuna. Besi ipo, inavujia pembeni. Jaribu saizi zote, na usishangae kama sikio la kulia linataka kimpira kikubwa kuliko la kushoto. Kikikaa sawasawa, kelele za nje zinafifia hata kabla hujawasha muziki.

Zile za kuzima kelele kwa umeme hufanya kazi vizuri kwenye mngurumo usiobadilika, kama wa injini. Sauti ya konda itakufikia tu. Kwenye bodaboda au unapovuka barabara, vua kabisa.

Kwenye boksi wameandika 20 Hz hadi 20,000 Hz. Ndiyo ubora huo?

Hapana. Hiyo ni mipaka ya usikivu wa binadamu, na karibu kila kiwanda huichapa. Namba ya kuangalia ni omu. Kwa simu, 16 hadi 32 hazina shida. Porta Pro ina 60 na bado simu inaimudu, kwa kuwa haihitaji nguvu nyingi kutoa sauti.

Kipimo cha kweli ni wimbo unaoujua kwa moyo. Mimi huweka gitaa la Mbaraka Mwinshehe, kisha taarabu ya Unguja yenye kanuni na fidla. Besi ikimeza sauti ya mwimbaji, nairudisha kabatini. Mpenzi wa singeli atachagua tofauti, na ni haki yake, lakini naye akague kama maneno yanasikika.

Waya au Bluetooth?

Kama simu yako ina tundu la hedfoni, waya. Kwa bei ileile unapata sauti bora, na hakuna betri ya kufa. Vile vidude viwili visivyo na waya vina betri ndogo ambayo baada ya miaka michache hukaa na chaji kidogo tu, na kuibadilisha ni kazi ngumu. iPhone haina tundu tangu mwaka 2016, lakini simu nyingi za bei nafuu bado zinalo.

Waya ukikatika, mara nyingi ni jirani na pini. Fundi anaukata, anafunga pini mpya. Mwangalie: lazima kwanza achome au akwangue rangi ya nyuzi zile nyembamba, kwa sababu rangi hiyo huzuia risasi kushika. Asipofanya hivyo, upande mmoja utakufa tena wiki ijayo.

Nifungue sauti kiasi gani?

Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kila zikiongezeka desibeli 3, muda huo unakatwa nusu: 83 ni saa 20, na 90 ni kama saa nne tu kwa wiki nzima. Mtu aliye hatua moja kutoka kwako akiongea kawaida nawe humsikii, punguza. Masikio yakivuma baada ya kuvua, umeshayaumiza, na seli za ndani ya sikio zikifa hazioti tena. Wazazi, hili wafundisheni watoto mapema.

Nina shilingi elfu ishirini tu za Tanzania. Ninunue nini?

Ierfoni za waya zenye saizi tatu za vimpira, kutoka duka linalotoa risiti na kukubali urudishe. Hedfoni kubwa yenye jina maarufu kwa bei hiyo usiiguse: ni feki.